Mkanda wa kiuno wenye joto la umeme kwa mvuvi: nyuzi zangu zinakosea wapi?

Mshonaji wa Langoni, Lamu

Assalaam aleikum ndugu zangu mafundi. Mimi ni fundi wa cherehani hapa mtaa wa Langoni, na kazi yangu ya kila siku ni kanzu, madira na sare za shule. Kwa miezi miwili sasa nimekuwa nikijaribu kushona kitu ambacho sijawahi kukishona, nacho ni kitambaa kinachotoa joto kwa umeme wa betri, ili nikitie ndani ya mkanda mpana wa kiuno kwa ajili ya baba yangu.

Baba ni mvuvi, ana miaka 63, na mgongo wake wa chini umechoka. Kusi, ule upepo mkali wa kusini, likiingia wao hawatoki nje ya miamba, lakini bado hukesha baharini upande wa ndani, wakitega nyavu usiku na kuzipandisha alfajiri. Mtu wa bara akisikia kwamba Lamu kuna baridi atashangaa, kwa sababu hata usiku wa Julai joto letu halishuki sana chini ya digrii 23. Lakini aliyewahi kukaa mashuani saa tisa za usiku, fulana imelowa na kusi linampiga mgongoni, anajua ninachokisema. Baba hurudi asubuhi amekakamaa kiasi kwamba hushikilia kuta za vichochoro mpaka afike nyumbani, na mama humkanda kwa chupa ya maji ya moto. Joto lile humfaa sana. Ndipo nikawaza, kwa nini lisimfuate huko huko aliko?

Niliagiza rili moja ya uzi wa chuma cha pua unaopitisha umeme. Nimeupima kwa mita, na sentimita 30 zina ukinzani, yaani kule kuuzuia umeme, wa omu 10. Katika jaribio la kwanza niliushona mita 3 na sentimita 60, ukienda na kurudi kama nyoka juu ya kipande cha pamba, kisha ncha mbili nikazifunga kwenye waya wa kuchajia simu nilioukata. Umeme ulitoka kwenye pawabanki ya volti 5, miliampea-saa 10,000. Joto halikusikika hata nilipoweka shavu, na baada ya kama nusu dakika pawabanki ilijizima yenyewe.

Katika jaribio la pili nilitumia sentimita 30 tu. Safari hii joto lilikuja mara moja, lakini pale nilipofunga fundo la kuunganisha uzi na waya, kitambaa kiligeuka kahawia na nikasikia harufu ya kuungua. Nikachomoa. Alama yenyewe ni ndogo kama punje ya mtama, ila nikiifikiria iko kwenye ngozi ya baba, moyo hunienda mbio.

Naomba kufahamishwa jinsi ya kupata urefu unaofaa wa uzi, jinsi ya kuunga uzi na waya bila fundo kuchoma, na namna ya kuukinga mkanda na maji ya chumvi. Kushona najua, lakini hesabu za umeme niliziacha shuleni.

Mwalimu wa Fizikia, Malindi

Waalaikumu salaam, dada yangu. Umefanya vyema kuupima uzi kabla ya kuushona, kwani kipimo hicho kimoja, sentimita 30 kwa omu 10, kinatosha kujibu nusu ya maswali yako.

Mwaka 1827 Georg Ohm wa Ujerumani alichapisha kanuni kwamba mkondo wa umeme hupatikana kwa kugawanya volti kwa ukinzani, na mwaka 1841 James Joule wa Uingereza akaeleza kwamba joto linalotoka kwenye waya hufuata ukinzani wake pamoja na mraba wa mkondo unaopita ndani yake. Uzi wako wa mita 3 na sentimita 60 una omu 120. Volti 5 ukizigawanya kwa 120 unapata ampea 0.04, na nguvu yake ni wati 0.2, ambayo ni ndogo mno kuweza kusikika. Pawabanki nayo ilijizima kwa sababu nyingi zimetengenezwa hivyo: zikiona mkondo umepungua sana, huchukulia kwamba simu imejaa. Kipande cha sentimita 30 kina omu 10, kwa hiyo kilivuta nusu ampea na kutoa wati 2.5. Nguvu hiyo si kubwa kwa mgongo wa mtu, lakini wewe uliibana yote kwenye uzi wa urefu wa rula moja.

Kinachohitajika ni nguvu ya wastani iliyotawanywa kwenye uzi mrefu, na hilo haliwezekani kwa njia moja ya umeme. Inabidi ziwe njia kadhaa zilizowekwa sambamba. Chora mraba wa sentimita 18 kwa 18. Kwenye ukingo wa kushoto na wa kulia weka waya mnene wa shaba. Hizo ndizo njia kuu za kuleta na kurudisha umeme, na zenyewe hazitakiwi kupata moto. Kati yake shona njia sita za uzi wa chuma. Kila njia ianzie kwenye waya wa kushoto, ikate upana wa mraba mara tano, kisha ikomee kwenye waya wa kulia. Urefu wake utakuwa takriban sentimita 90, yaani omu 30, na njia sita za omu 30 zikiwa sambamba huwa omu 5 kwa jumla. Kwa volti 5 utapata ampea 1 na wati 5, nazo zitakuwa zimegawanyika kwenye karibu mita 5 na nusu za uzi. Mistari itaachana kwa kama milimita 6.

Je, wati 5 zinatosha? Mwili wa mtu mzima aliyepumzika hutoa joto la takriban wati 58 kwa kila mita ya mraba ya ngozi. Mraba wako utatoa kama wati 154 kwa kipimo hicho hicho, ambazo zinakaribia mara tatu ya joto la mwili wenyewe. Ukiukinga vizuri upande wa nje, baba atalisikia joto hilo bila shaka.

Mpangilio wa sambamba una faida nyingine ambayo watu waliijifunza kwa tabu. Wanahewa wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia walivaa suti zenye nyaya za joto kwa sababu ya baridi ya juu angani, na zile za mwanzo ziliungwa kwa mfululizo, hivyo waya ukikatika kwenye glavu moja suti nzima ilizimika. Katika mkanda wako njia moja ikikatika, tano zitaendelea kufanya kazi, na kwa kuwa volti ni zile zile hazitaongeza moto kufidia iliyokufa.

Sasa naomba unisikilize kwa makini kuhusu ile fulana iliyolowa, kwa sababu kwa maoni yangu ndiyo adui mkubwa kuliko vyote ulivyovitaja. Maji yanapokauka juu ya nguo huchukua joto jingi. Gramu 100 tu za maji, ambazo hazifiki nusu ya glasi ya kawaida, huhitaji takriban kilojuli 240 ili zigeuke mvuke. Pawabanki yako ina wati-saa 37 ndani ya seli zake, na baada ya umeme huo kupandishwa kufikia volti 5 unabaki na kama wati-saa 31, ambazo ni kilojuli 110 hivi. Maana yake ni kwamba upepo wa kusi ukikausha nusu glasi ya maji kwenye fulana ya baba, umemnyang'anya joto lililo mara mbili ya pawabanki nzima. Betri ya mfukoni haiwezi kushindana na upepo. Kwa hiyo kabla hujashona uzi wowote wa chuma, mshonee kitu cha kuzuia upepo na maji kiunoni. Kwenye ngozi weka pamba nyepesi iliyo kavu, kisha kitambaa chako cha joto, kisha blanketi zito, na nje kabisa kitambaa cha koti la mvua. Ukipanga tabaka hizo sawasawa, wati 5 zitampa baba saa 6 za joto. Ukiziacha, hata wati 20 zitapeperushwa.

Mambo mawili ya usalama hayana mjadala kwangu. Weka fyuzi ya ampea 2 karibu na pawabanki, na katikati ya mraba weka swichi ndogo ya joto, ile yenye bati la metali mbili zilizoshikamanishwa, ambayo kazi yake ni kama ya kile kidhibiti kilicho ndani ya pasi. Zipo zinazokata umeme kwenye digrii 40, zipo za 45. Chukua ya 40. Ikishakata, pawabanki italala na haitaamka mpaka baba abonyeze kitufe, na mimi naona ni heri iwe hivyo.

Mshona Kofia wa Mkomani, Lamu

Mwanangu, Mwalimu ameshamaliza upande wa hesabu, nami nitasema ya sindano. Mwaka juzi nilijishonea kitambaa cha joto cha goti kwa msaada wa kijana wangu anayetengeneza simu, na nilikifumua mara tatu kabla hakijanikubali.

Uzi wa chuma usiupitishe kwenye sindano ya cherehani. Una vinyweleo vinavyojikwangua kwenye tundu la sindano, vinakusanyika kama pamba, kisha uzi unakatika. Na vile vinyweleo vilivyomwagika vikigusa mistari miwili, umeme hupata njia ya mkato. Ulaze juu ya kitambaa kwa mkono, ukifuata mistari uliyoichora kwa chaki, halafu upite juu yake na mshono wa zigizaga kwa uzi wa kawaida, ili zigizaga iushike kulia na kushoto bila kuutoboa. Kitambaa cha chini kiwe marekani nzito ya pamba, iliyofuliwa na kukauka, kwa sababu ile isiyofuliwa itanywea baadaye na kuvuta kazi yako yote. Usitumie nailoni wala poliesta mahali hapo: pamba ikizidiwa na moto huungua ikabadilika rangi ukaiona, lakini hizo nyingine huyeyuka zikagandia ngozi.

Kwenye kona usikunje uzi kama karatasi, bali uzungushe kama ukingo wa kijiko. Wala usiukaze. Kitambaa kinavutika mtu anapoinama na chuma hakivutiki, kwa hiyo uzi uliokazwa ndio unaokatika kwanza. Mimi huuacha ulegee kidogo kwenye kila mzunguko, kiasi cha kupitisha ncha ya sindano chini yake.

Sasa hilo fundo lililokutia hofu. Fundo hugusa waya mahali padogo tu, na mahali padogo panapopitisha mkondo wote ndipo panapopata moto. Kulehemu hakutakusaidia, maana chuma cha pua hakikubali risasi ya kawaida ya kulehemu. Inateleza juu yake kama maji juu ya jani la yungiyungi. Wewe ni wa Amu, yaani Lamu, umewaona wanaoshona kofia wanavyozungusha uzi kwenye ukingo wa kila tundu, duru juu ya duru, mpaka tundu linakaa wazi na gumu. Fanya hivyo hivyo. Waya wa shaba ule wa nyuzi nyingi umenye kiasi cha sentimita moja na nusu, kisha uzi wa chuma uuzungushe juu yake duru kumi zinazogusana, ukiukaza hapo na hapo tu. Halafu uingize kwenye kijibomba kidogo cha shaba na ukibane kwa koleo mpaka usiweze kuuvuta kwa mkono. Mwisho ushone kijibomba chenyewe kwenye kitambaa pande zote mbili, ili mtikisiko usiufikie uzi. Kila kiungo kikikamilika kipime kwa mita kabla ya kwenda kwenye kingine. Mimi sikupima, nikaja kufumua kazi ya siku nne.

Kuna watakaokushauri ununue uzi wa nailoni uliopakwa fedha kwa kuwa ni laini na unapita kwenye sindano. Goti langu la kwanza lilikuwa la uzi huo. Jasho liliufanya mweusi, ukinzani ukapanda kila wiki, na kabla ya Ramadhani kupita joto lilikuwa limekwisha.

Mshonaji wa Langoni, Lamu

Maalim, na wewe mama yangu wa Mkomani, Mungu awalipe heri. Nimeshona upya kama mlivyoniagiza, na ninaleta vipimo.

Viungo ni kumi na viwili, sita kila upande. Nilipokuwa nikivipima kimoja kimoja, njia tano zilitoa kati ya omu 29 na 32, lakini ya tatu kutoka juu ilitoa omu 150, na nilipokitikisa kiungo chake cha kulia namba zilipanda na kushuka. Nilikifungua nikakuta kijibomba kimebana waya wa shaba peke yake, huku duru za uzi wa chuma zimesukumwa nje wakati wa kubana. Nilizungusha upya, na nikaanza kukibana kijibomba kuanzia upande wa uzi. Njia hiyo sasa ina omu 31. Kwa jumla mraba wote una omu 5.4 na unavuta ampea 0.9.

Nimeujaribu nyumbani juu ya meza, blanketi juu na chini. Kwa dakika 20 kipimajoto kilipanda kutoka 28 hadi 39, kisha kikatulia hapo. Baadaye niliukunja mara mbili makusudi, nikaufunika kwa mto, na swichi ya digrii 40 ilikata umeme kabla ya dakika 10 kutimia. Nilipapasa kila kiungo kwa kidole na hakuna kilichokuwa na moto kuliko wenzake.

Ninauliza tu kama baba anaweza kuuwasha usiku kucha, maana pawabanki ina uwezo wa saa 6.

Muuguzi, Malindi

Dada, nimesoma yote yaliyotangulia kwa furaha kubwa, na ninaomba usiuwashe usiku kucha.

Watu hudhani ngozi huungua kwa kitu cha moto mkali tu. Ukweli ni kwamba inaungua kwa joto na muda pamoja. Moritz na Henriques walilichunguza jambo hili nchini Marekani, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 1947 walionyesha kwamba kitu chenye digrii 44 kikigusa ngozi kwa takriban saa 6 kinatosha kuiharibu, na kwamba joto likipanda digrii moja tu muda huo hupungua kwa karibu nusu. Digrii 44 ukizigusa kwa kiganja utasema ni maji ya kuogea. Ndiyo maana nimefurahi Mwalimu alipokwambia uchukue swichi ya 40 badala ya 45. Hata hivyo swichi hiyo inapima mahali ilipo yenyewe, na baba akiegemea ubavu wa mashua huku pembe moja ya mkanda imejikunja, pembe hiyo inaweza kupita digrii 40 ilhali katikati bado ni 38.

Naomba umuulize baba, au umchunguze mwenyewe kwa upole, kama ana kisukari au kama miguu na ngozi yake vina ganzi. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kupoteza hisia za moto, na nimewahudumia wagonjwa walioungua kwa chupa ya maji ya moto bila kusikia chochote mpaka nguo iliponata. Mtu wa namna hiyo asivae mkanda huu. Asiuvae pia aliyelewa dawa ya usingizi, wala asilale nao. Mkanda ni wa mtu aliye macho.

Asiye na ganzi nampendekezea auwashe dakika 30, auzime kwa muda kama huo au zaidi, na asiuvae moja kwa moja juu ya ngozi bali juu ya fulana kavu. Kila akirudi, mama aangalie mgongo wake kwenye mwanga wa mchana. Ngozi iliyopata joto la wastani mara kwa mara kwa wiki nyingi hutoa michoro ya rangi nyekundu au kahawia inayofanana na matundu ya wavu. Ikionekana, mkanda upumzishwe kabisa na baba aende zahanati. Vilevile maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, au yanayofuatana na ganzi ya mapaja au shida ya kwenda haja ndogo, hayatibiwi kwa joto. Hayo ni ya daktari, na haraka.

Fundi wa Boti, Matondoni

Binti yangu, salaam. Mimi si mtu wa nguo, lakini nyaya za taa na injini za boti ninazifunga tangu ujana wangu, na chumvi ninaijua.

Waya wa shaba tupu usiutie baharini. Tumia ule ambao nyuzi zake zimepakwa bati, unaonekana mweupe ukiumenya, kwa sababu shaba tupu hunywa unyevu mpaka ndani ya ganda la plastiki, ikawa kijani, kisha nyeusi, kisha ikawa unga. Maji ya bahari yanapitisha umeme. Volti 5 hazitamdhuru baba kwa kumshtua, lakini kiungo kilicholowa huku umeme unapita huliwa haraka sana, na kinacholiwa ni cha upande chanya. Ukitaka kuthibitisha, tia waya mbili za pawabanki kwenye kikombe cha maji ya bahari kwa dakika chache, zikiwa mbali mbali, uone ni upi unaotoka kijani.

Viungo vyako kumi na viwili vipake silikoni ile ya kuzibia madirisha, uache ikauke siku nzima, kisha mraba wote uufunge kati ya vipande viwili vya kitambaa cha koti la mvua na kingo zake uzizibe, utoke waya mmoja tu. Waya huo utoke upande wa juu, si wa chini, kwa kuwa maji ya mashuani hukusanyika kiunoni mtu anapokaa. Pawabanki ikae kifuani ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, usiitie kwenye mkanda wenyewe. Na ikitumbukia baharini isichajiwe tena hata ikionekana imekauka. Iweke nje, mbali na nyumba na vitu vinavyoshika moto, mpaka upate pa kuipeleka. Betri ya lithiamu iliyoingiwa na chumvi inaweza kuwaka siku kadhaa baadaye.

Mkanda ukirudi, pawabanki itolewe kwanza, kisha usuuzwe kwa maji ya mvua au ya kisima yasiyo na chumvi, na usikamuliwe kwa kusokota. Uning'inize kivulini.

Mshonaji wa Langoni, Lamu

Ninarudi baada ya wiki tatu, kwa sababu ninyi mliosema nami mnastahili kujua yaliyotokea.

Baba hana kisukari, alipimwa zahanati kabla sijamruhusu. Waya niliubadilisha kuwa ule uliopakwa bati, viungo nikavipaka silikoni, na kitambaa cha mvua nilikizungusha mara mbili kwenye kingo. Kabla ya kuwasha umeme wowote, Maalim, nilimpa baba usiku miwili avae mkanda ukiwa umezimwa, na aliporudi aliniambia kwamba hata hivyo mgongo ulikuwa afadhali kuliko kawaida. Nilikumbuka ile hesabu yako ya nusu glasi ya maji.

Usiku wa tatu aliuwasha. Anafuata dakika za Muuguzi kwa mpangilio wake mwenyewe: anauwasha baada ya kutega, anauzima akianza kuvuta nyavu, maana wakati wa kuvuta mwili wenyewe huwa na moto, na anauwasha tena njiani kurudi. Kwa namna hiyo pawabanki humtosha usiku miwili. Mama humtazama mgongo kila asubuhi uani, na mpaka leo ngozi ni safi.

Kuna kosa moja nililoliona. Wiki ya pili mkondo ulishuka kutoka ampea 0.9 hadi 0.75, nami nikajua kwa hesabu ya Maalim kwamba njia moja imekufa. Nilipofumua, uzi ulikuwa umekatika kwenye mzunguko wa kona ya chini kulia, pale mkanda unapojikunja baba akikaa kwenye ubao wa mashua. Nimehamisha mraba mzima juu kwa vidole vinne, na kona zote za upande huo nimezilegeza zaidi. Viungo havijaonyesha kijani, ila kile cha upande chanya, kilicho karibu na mlango wa waya, nimekiachia kidirisha cha plastiki angavu ili nikitazame kila Ijumaa bila kufumua.

Wavuvi wawili wenzake wameniomba na wao niwashonee. Nimewaambia waende zahanati kwanza.